Honi ya Mzee Mwasomola

Siku niliyokwenda kumfungia Mzee Mwasomola rimoti ya ulimi nilimkuta yuko uchi, na kwaya inamwimbia.

Simaanishi uchi wa kukosa koti. Uchi kabisa, kama siku aliyozaliwa, tofauti ni ndevu tu. Dada yake, Shangazi Tusekile, alikuwa katikati ya kumwogesha pale akina mama wa kwaya walipopiga hodi. Mzee hana sauti wala mikono inayomtii, kwa hiyo hakujibu. Shangazi naye alikuwa na sabuni hadi viwikoni. Wakapiga ya pili. Wakapiga ya tatu, na mlango, ambao una adabu kuliko mimi, ukasema wenyewe "Karibuni ndani!" ukafunguka hadi mwisho. Wakaingia na sare zao za kitenge, wakamkuta vile, na badala ya kurudi nje wakafumba macho, wakaanza pambio. Walikuwa wakifumbua kidogo kidogo. Nadhani walikuwa wanatafuta maneno ya ubeti wa pili.

Nilisimama kizingitini na begi langu la vifaa. Nikabonyeza rimoti yangu, taa ya kitanda ikazimika, angalau giza likamfunika kidogo.

"Gwamaka, mbona unatuzimia taa?" Shangazi akafoka.

"Umeme wa Mbeya, Shangazi. Unajijua wenyewe."

Walipoondoka, nilikaa kando ya kitanda na ubao wa herufi. Unatembeza kidole juu ya ubao, yeye anafumba jicho kwenye herufi anayoitaka. Ni kazi ya taratibu, kama kuchambua mchele wenye mawe. Akaandika: SITAKI.

"Hutaki nini, Mzee? Kwaya?"

WOTE.

"Na mimi?"

Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. WEWE BADO.

Hapo ndipo nilipompenda.

Mzee Mwasomola alikuwa dereva wa malori. Ameiteremka milima yote kati ya Dar na Tunduma, hadi mmoja ulipoamua kumteremsha yeye. Shingo ilivunjika, koo likaharibika, ulimi ukabaki. Halmashauri ikampa nyumba Mtaa wa Kilima, zile nyumba mpya zisizo na vitasa. Mlango, bomba, jiko, pazia, vyote vinasubiri rimoti. Mwenye kidole gumba anabonyeza, maisha yanaendelea. Asiye nacho anatuita sisi wa karakana. Tunafunga rimoti za pumzi, za nyusi, za bega. Bibi mmoja wa Uyole nilimfungia ya kiwiko. Siku ya kwanza alipokanda unga wa chapati, mapazia ya nyumba nzima yakacheza ngoma.

Kwa Mzee nilileta kibati chembamba cha kubandika kwenye kaakaa. Ulimi ukigusa kulia, kitu kimoja. Ukigusa kushoto, kingine. Ukigusa katikati, mkono wa chuma ulio kitandani unamlisha uji, unampa maji, unamgeuza ubavu. Ndani yake nikaweka kituliza. Ulimi wake ulitetemeka, na rimoti isiyo na kituliza ingesoma mguso mmoja kama mtu anayepiga chapa. Kituliza kinachukua mguso wowote, hata ule wa kuyumba, hata ule wa kuchoka, kinautoa nje ukiwa mmoja, mrefu, imara. Wateja wetu wote wanakipenda. Kinawafanya wasionekane wanatetemeka.

"Kulia ni karibu," nikamwambia. "Ukigusa, mlango unafunguka. Kushoto unataka iwe nini?"

HAPANA.

Nikakuna kichwa. Nyumba za watu wenye ulemavu hazina hapana. Wewe na mimi tukipigiwa hodi mara tatu tukakaa kimya, mgeni anaelewa: hawapo, au wapo na hawataki mtu. Anaondoka huku ananung'unika. Lakini waheshimiwa waliokaa kupanga nyumba hizi waliona kimya cha mtu asiyeweza kufika mlangoni si kimya cha kawaida. Huyo ameanguka, amezidiwa, anaita moyoni. Wakatunga Kanuni ya Hodi ya Tatu: asipojibu, mlango umjibie. Walifanya kwa upendo kabisa, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kuwauliza kitu.

"Mzee, hiyo nikiitoa bosi wangu akajua, kesho utanikuta nauza karanga stendi."

NITANUNUA.

Nikaitoa.

Nikaingia kwenye simu yake ya zamani kutafuta sauti yake mwenyewe. "Karibu" niliipata haraka: alikuwa anampandisha mtu kwenye kabini ya lori mahali penye mvua, anacheka, "Karibu, karibu ndani bwana, utalowa!" Lakini "hapana" haikuwepo. Mtu huyu alipokataa kitu alisema maneno ambayo mlango wa nyumba inayotembelewa na kwaya hauwezi kuyasema. Nikamuuliza tufanyeje. Akaandika bila kufikiri: HONI.

Kwenye simu ilikuwepo, honi ya lori lake, ile ya upepo, inayofanya ng'ombe wavuke barabara wakiwa na heshima. Nikaiweka.

Kikabaki kitu kimoja. Kila fundi anayefunga nyumba anabaki na rimoti mama, inayoweza kufanya lolote ndani ya nyumba hiyo. Nikamwonyesha yangu, ndogo, imechubuka, nimeifungia kamba ya kiatu. Akaitazama muda mrefu.

USIFUNGUE MPAKA NISEME.

"Sawa, Mzee."

APA.

Nikainua mkono nikaapa. Tulikuwa wawili tu, mmoja hawezi kuinua mkono na mwingine haamini sana viapo, lakini niliapa na nikasikia uzito wake.

Kwaya iliporudi, nilikuwa bado nakusanya nyaya. Hodi ya kwanza. Mzee akagusa kushoto. Sijawahi kuona sare za kitenge zikikimbia namna ile. Kiatu kimoja kilibaki mlangoni. Nilipogeuka, Mzee alikuwa anacheka. Hakutoa sauti, ila kifua kilitikisika na machozi yakateremka hadi masikioni, na mimi nikayapangusa kwa mkono wa shati.

*

Mtaa mzima ulijua ndani ya siku chache. Watoto walikuwa wanapiga hodi makusudi ili wapigiwe honi. Kwa watoto aligusa kulia mara nyingi kuliko kushoto. Watu wazima ndio waliokasirika.

Shangazi Tusekile alikuja karakana, akakaa kwenye benchi la wateja bila kuvua kofia ya sufu.

"Amenipigia honi mimi. Mimi niliyembeba mgongoni akiwa mdogo."

"Ulikuwa peke yako, Shangazi?"

"Peke yangu vipi? Nilikuwa na akina mama wa jumuiya. Na yule kijana wa chuo anayeandika utafiti. Na mjumbe."

"Sasa jaribu siku moja uende peke yako."

Akanitazama kama nimemshauri aibe kuku. "Niende kwa mgonjwa peke yangu, mikono mitupu, kama nimetumwa na wachawi? Mwanangu, ndugu yako akiwa mgonjwa unakwenda na watu. Watu ndio dawa. Akiona amejaa nyumba anajua hajasahaulika."

"Yeye anasema hataki."

"Amesema kwa mdomo upi? Amesema kwa kidude chako." Akasimama. Macho yalikuwa yamelowa, na hapo utani wangu wote ukakosa pa kukaa. "Kuna kitu umemwekea ndugu yangu, Gwamaka."

"Nimemwekea mlango, Shangazi."

Hakucheka. Sikuwa nimetania.

*

Baridi ya Juni ilipoanza kuuma, nikapigiwa simu asubuhi nikiwa na bisibisi mdomoni. Ilikuwa nesi Sekela wa zahanati ya mtaa. Kitanda cha Mzee kilikuwa kimetuma taarifa zahanati chenyewe, kama vitanda vyote vya Kilima vinavyofanya: homa imepanda, mapafu yanajaa. Amefika na mtungi wa hewa na sindano, amepiga hodi, amepigiwa honi.

"Uko na nani hapo?"

"Njoo tu utaona."

Nikaona. Uwanja ulikuwa umejaa. Kwaya ilikuwepo, jumuiya ilikuwepo, mwenyekiti wa mtaa na koti lake la suti, akina mama wenye vyungu vya uji vilivyofungwa kwa vitenge, wanaume wanaokaa kwenye matofali na kuzungumza kwa sauti ya msibani kabla ya msiba. Shangazi Tusekile alikuwa amesimama mlangoni, kiganja kimewekwa juu ya mbao kana kwamba anapima homa ya mlango.

"Hodi, kaka," akasema. "Hodi jamani."

Honi ikalia. Kunguru wakaruka kwenye paa la jirani.

"Sikia!" mwenyekiti akasema. "Ana nguvu kama lori jipya. Huyu hawezi kuwa mgonjwa sana."

Nesi Sekela akanivuta kando, akanionyesha namba kwenye simu yake. Mimi si daktari, lakini hata mimi najua namba nyekundu.

"Hiyo honi haimaanishi kitu," nikamwambia. "Kuna kituliza. Akigusa kwa nguvu au akigusa kama unyoya, honi ni ileile. Hata ulimi ukitetemeka kwa homa, utaisikia hivyohivyo."

"Kwa hiyo hatujui kama anakataa au anatetemeka?"

Shangazi alikuwa amesikia. Akanikamata shati. "Unayo rimoti yako ile. Najua unayo. Fungua."

Ilikuwa mfukoni, kamba ya kiatu imejizungusha kwenye kidole changu. Nikasema, "Ngoja nimuulize."

"Utamuulizaje mtu asiyesema?"

Nikasogea hadi mdomo ukagusa mlango. "Mzee, ni Gwamaka. Nitapiga hodi mara mbili. Ya kwanza usiguse kitu, kaa kimya. Ya pili, piga honi. Nikisikia hivyo nitajua ni wewe, si homa." Nikavuta pumzi. "Hodi."

Kimya. Uwanja mzima ulinyamaza, hata vifuniko vya vyungu.

"Hodi."

Honi.

Mtu nyuma yangu akasema "Yesu wangu." Nilikuwa nimeomba iwe homa. Ingekuwa homa, ningefungua nikiwa na dhamiri safi, tukamaliza. Sasa nilikuwa na mtu mzima, mwenye akili zake, nyuma ya mlango wake.

"Mzee, nasikia. Nitauliza mambo. Hapana ni honi, ndiyo ni kimya, usiguse kulia. Unataka kufa?"

Honi, papo hapo. Shangazi akaanza kulia.

"Nifungue sasa hivi, na watu hawa wote waingie?"

Honi.

"Niingie mimi na nesi tu, wengine wakiwa wameondoka?"

Kimya.

Nikasubiri, nisije nikamjibia. Kimya kikaendelea. "Na Shangazi naye asiingie?"

Honi.

Niliielewa polepole: alikuwa anakataa Shangazi aachwe nje. Nikamgeukia. "Anakutaka, Shangazi. Wewe, mimi na nesi. Wengine waende."

Basi, lilikuwa jambo rahisi. Mlango ule ni mpana wa kupitisha kitanda, na umetengenezwa kufunguka pole hadi mwisho kabla haujakubali kufunga, ili usimbane mtu wa kiti cha magurudumu. Nikiufungua mbele ya umati, umati unaingia. Kilichohitajika ni watu kurudi barabarani.

"Jamani," nikapaza sauti, "tunaomba msogee hadi barabarani. Mgonjwa ameomba."

Hakuna aliyesogea. Si kwa ubishi. Walitazamana.

"Ni kweli, sogeeni," mwenyekiti akasema.

"Anza wewe, mwenyekiti," mmoja wa wale wa kwenye matofali akajibu.

"Mimi ni mwenyekiti. Naondokaje mlangoni kwa mgonjwa? Kesho mtasema mwenyekiti alikimbia."

"Nani atasema?"

"Wewe ndiye utakuwa wa kwanza."

"Mimi nina uji hapa," mama mmoja akasema. "Nikiondoka na uji wangu wataona nimenuna. Anzeni nyie mliokuja mikono mitupu."

"Mikono mitupu? Kwaya imekuja na maombi!"

Nilikwenda kwa mmoja mmoja. Naapa nilikwenda. Nilitania, nilibembeleza, nilimsukuma mzee mmoja begani hadi akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Kila mtu alikubali kwamba watu waondoke. Kila mtu alikuwa tayari kuondoka, wa pili. Wa kwanza ndiye hakupatikana, kwa sababu wa kwanza ndiye atakayetajwa: siku Mwasomola anazidiwa, fulani aligeuza mgongo.

Nikarudi kwa Shangazi. "Wewe ukitangulia hadi barabarani watakufuata. Kisha unarudi kwa kupitia uani kwa jirani, tunaingia watatu."

"Niondoke mimi? Ndugu wa damu?" Midomo ilikuwa inamtetemeka, na yeye hakuwa na kituliza. "Wakiniona natembea kwenda barabarani na ndugu yangu yumo humu, uso wangu nitauweka wapi Gwamaka?"

"Uweke popote! Anakufa!"

"Basi fungua! Unayo mkononi! Unabishana na mimi na dawa unayo mkononi!"

Alikuwa na haki. Na Mzee alikuwa na haki. Nikauambia mlango, "Mzee, hawaondoki. Wanakupenda mno, hawaondoki. Nifungue hivihivi?"

Honi. Ndefu, imara, ileile ya asubuhi.

Nikaishika rimoti mama hadi kamba ikanikata kidole, na sikubonyeza. Nesi Sekela alikuwa anasoma namba kwenye simu yake kwa sauti ya chini, kila moja mbaya kuliko iliyopita. Mwenyekiti alikuwa ameanza kupanga kwamba watu waondoke kwa makundi, kwanza kina nani, na kina nani wakawa wanapinga. Nikapiga hodi tena, kumwambia tu kwamba tunajitahidi.

Kimya.

"Mzee? Hodi. Kama unanisikia piga honi."

Kimya.

"Hodi, Mzee."

"Hodi ya tatu hiyo!" mtu akapaza sauti kutoka kwenye matofali. "Amenyamaza! Amekubali!"

"Amekubali!" kwaya ikaitikia, wengine wakapiga makofi.

Hakuwa amesema. Nilijua hivyo wakati kidole gumba kinashuka.

Mlango ukafunguka pole, hadi mwisho, bila "karibu" ya mtu yeyote. Chumba kilikuwa na harufu ya jasho na ya kitanda kilicholowa. Nikajibana pembeni kuwapisha, nikisubiri wanipite kama maji. Hawakunipita. Walisimama pale na vyungu vyao, wanachungulia, na hakuna aliyetaka mguu wake uwe wa kwanza kuvuka kizingiti.

"Tangulieni nyie," Shangazi akasema, sauti imekwisha. "Mimi naogopa."

Tukaingia, mimi na nesi. Nikafunga.

Kifua chake kilikuwa bado kinapanda, lakini kwa kuvizia. Sekela alifungua mtungi, akaweka barakoa, akachana shati, akapiga sindano, akanituma maji, kitambaa, mto, na mimi nikaleta vyote, hata ambavyo hakuviomba. Mzee akafumbua macho. Akaniona. Kisha macho yakahama kutoka kwangu yakaenda mlangoni, yakakaa pale, yakaona umefungwa. Sijui kama alijua ni mimi niliyeufungua. Kama alijua, hakuwa na upande wa ulimi wa kunitukania.

Baada ya muda Sekela akaacha kufanya alichokuwa anafanya. Akamfumba macho kwa vidole viwili.

Nje, Shangazi Tusekile alikuwa amepata ujasiri. "Hodi!"

Tukatazamana. Shuka ilikuwa imelowa chini yake, shati vipande vipande, kidevu kina mate na dawa.

"Mfungulie," Sekela akasema kwa sauti ya chini. "Ni dada yake."

"Wataingia wote. Tumsafishe kwanza. Tumvalishe."

"Hodi!"

"Gwamaka. Yeye alimtaka."

"Hodi, kaka!"

Hiyo ilikuwa ya tatu. Nikamtazama Mzee mdomoni, kama vile bado kulikuwa na mtu wa kumuuliza. Halafu nikainua rimoti mama, nikatafuta kitufe cha kushoto, nikapiga honi mimi.

Ilitoka imara kama siku zote. Nje pakawa kimya kidogo, kisha vigelegele vikapasuka, na sauti ya Shangazi Tusekile ilikuwa juu ya zote:

"Yu hai! Mmesikia? Ndugu yangu yu hai!"